Kinini, guigoz na matabishi: maneno ya Kadutu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu hamezi kidonge, humeza kinini. Kichwa kikimuuma ataomba kinini ya kichwa, mgongo ukimsumbua ataomba kinini ya mugongo, na mama asiyetaka mimba kwa sasa ataomba, kwa sauti ya chini kidogo, kinini ya kupanga uzazi. Zikiwa nyingi ni binini. Ng'ambo ya Mto Ruzizi, upande wa Kamembe, Wanyarwanda nao husema ikinini na ibinini, kwa hiyo mgonjwa akivuka daraja hana haja ya kubadilisha neno.

Nimekulia nyuma ya kaunta ya farmasi ya mama mdogo, huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, mwendo mfupi kutoka sokoni. Kabla sijaweza kusoma maandishi madogo ya kwenye boksi nilishajua sheria ya kwanza ya pale: mtu akisema kinini, usinyooshe mkono kwenye rafu. Uliza kwanza. "Kinini gani, muzee? Ya ugonjwa gani?" Kwenye rafu ya pili, karibu na dirisha, kulikuwa na boksi zenye jina karibu lilelile, Quinine, na hizo si za kichwa wala za mgongo. Ni za malaria, ni chungu ajabu, na mtu akizimeza ovyo masikio yanaanza kulia. Karatasi ya munganga ikiandikwa Quinine 500 mg, maana yake ni quinine. Mteja akitamka kinini, maana yake ni chochote kidogo na kigumu kinachoshuka na maji. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, mama mdogo hakumwachia kaunta hata dakika tano.

Mjomba wangu alikuwa na maelezo yake. Alidai kwamba Wazungu walipoleta vidonge vya kwanza, wazee walivigeuzageuza mkononi wakiulizana, "Hiki ni nini?", basi jina likabaki hapo. Hadithi tamu, na aliisimulia vizuri zaidi akiwa na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mbele yake. Lakini si kweli, na ushahidi ulikuwa umechapwa kwenye boksi la rafu ya pili.

Neno limetoka mbali kuliko Wazungu wenyewe. Wakechua wa milima ya Andes, Amerika Kusini, waliliita gome kina. Katika karne ya 17 mapadri Wajesuiti wakapeleka Ulaya gome la mti fulani wa huko Andes, likawa dawa ya homa za vipindi. Mwaka 1820, mjini Paris, wakemia wawili, Pelletier na Caventou, wakafaulu kutoa ndani ya gome kile kinachotibu, wakakiita quinine. Mti wenyewe ulikuwa umeshapewa jina la kitaalamu na Linnaeus, bingwa Mswidi wa mimea, mwaka 1742: Cinchona, kwa heshima ya mke wa mtawala Mhispania wa Peru, bibi wa Chinchón, aliyesemekana kuponywa na gome hilo. Wanahistoria wa siku hizi hawaiamini tena hadithi ya bibi huyo. Na ukiyatazama vizuri majina hayo mawili utaona kwamba herufi h ya kwanza ilidondoka njiani. Haikurudishwa hadi leo. Vitabu vya sayansi duniani kote vinaandika Cinchona kwa adabu zote. Nikimsikia mtu akicheka binini zetu, humkumbuka Linnaeus.

Halafu Wabelgiji wakaleta miche Kivu. Mti huo unapenda milima, ubaridi na mvua, vitu ambavyo sisi hatununui. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Java, ambako gome nyingi ya dunia ilikuwa ikitoka, mashamba ya huku yakawa mali kubwa. Pharmakina, kiwanda kinachosindika gome hilo, kiko Bukavu hapa hapa. Kwa hiyo watu wa kwetu hawakuliokota neno kinini redioni. Babu zao walibandua magome ya miti ile kwa mikono yao, na naona ni jambo la kawaida kabisa kwamba kila dawa ya kumeza iliyokuja baadaye ilirithi jina la ile iliyotangulia.

Kuhusu kinini kuwa binini, ambayo kwa pwani ingekuwa vinini: masikio ya watu yalisikia ki- ya kiti na kisu, wakaipa wingi kama wanavyovipa vitu vyote vya namna hiyo. Si sisi tulioanza. Kitabu ni kitab cha Waarabu, na wao wakiwa nacho kingi husema kutub. Waswahili wa pwani wakasema vitabu, na hakuna aliyewashitaki. Tanzania, mzunguko wa barabarani unaitwa kipilefti, kutokana na kibao cha Kiingereza kilichowaamuru madereva wabaki kushoto. Ikiwa miwili, ni vipilefti. Mtu anayesema vipilefti bila aibu na kuona aibu ya binini, mimi simwelewi.

Baadaye nilipata kazi ya kutafsiri vikaratasi vya afya, vile vinavyogawiwa kwenye vituo vya afya na kubandikwa ukutani, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuchimba kamusi. Niligundua kwamba rafu za mama mdogo zilikuwa zimejaa ndugu waliopotezana. Dawa ya maji ya kikohozi tunaiita siro, kutoka sirop ya Kifaransa. Wafaransa waliipata katika Kilatini cha matabibu wa zamani, na matabibu hao waliipata kwa Waarabu: sharab, kinywaji. Mzizi huohuo ukashuka kwa majahazi hadi Mombasa na Zanzibar, ukawa sharubati. Mmoja alizunguka kwa vitabu vya tiba hadi Ulaya, akapanda meli, akapanda treni, akaingia Kongo kwa upande wa Atlantiki. Mwingine alikuja na pepo za Bahari ya Hindi. Wakakutana Kadutu na hawakujuana: sharubati iko kwenye kitabu cha shule, siro iko kwenye chupa, na mtoto anayekohoa anajua moja tu.

Yako mengine ya ukoo huo. Duka kubwa kwetu ni magazini, kutoka magasin, na magasin ni makhazin ya Kiarabu, yaani maghala. Mzizi wake ndio uliotuzalia hazina. Duka dogo ni butiki, na mama mdogo alikuwa akichukia sana mtu akiiita farmasi yake butiki. "Butiki inauza sabuni na bonbon," alikuwa akisema, "hapa ni farmasi." Lakini boutique ya Wafaransa ni mjukuu wa apotheke ya Kigiriki, mahali pa kuwekea vitu, na Wajerumani walipolichukua neno hilo kwa njia yao likawa Apotheke: duka la dawa. Sikumwambia. Mtu aliyetundika cheti chake ukutani huendi kumwambia mambo ya Wagiriki.

Farmasi yenyewe ndiyo iliyonipendeza kuliko yote. Kigiriki pharmakon ni dawa, na ni sumu pia. Neno moja lilibeba yote mawili. Wasomi wa Ulaya wameandika kurasa nyingi wakishangaa jambo hilo. Sisi tunaweza kuwapunguzia mshangao: mtu anaingia Kadutu, anaomba dawa ya panya, na hakuna hata mmoja anayefikiri panya wake anaumwa.

Sasa tutoke tushuke sokoni.

Maharagwe Kadutu hayapimwi kwa kilo, yanapimwa kwa guigoz. Mgeni akisikia hivyo hufikiri ni neno la Kishi, lugha ya wenyeji wa huku. Ni jina la Mswisi. Maurice Guigoz alitengeneza unga wa maziwa kwa ajili ya watoto wachanga mwaka 1908, maziwa hayo yakasambaa dunia nzima ndani ya mikebe yenye jina lake, na mikebe ikafika Kivu. Maziwa yalinywewa na watoto wa wenye nazo. Mkebe ukabaki kwa wasio nazo, na mkebe ndio uliodumu. Leo utakuta muuzaji ambaye hajawahi kuyaona maziwa hayo, anapimia mkebe wa kampuni nyingine kabisa, na bado ni guigoz.

Kumtazama mama wa maharagwe akijaza guigoz ni darasa. Anazamisha mkebe ndani ya gunia, anauinua umejaa hadi ukingoni, halafu anaukumbatia kwa kiganja cha kushoto ili ukingo upande juu, na kwa mkono wa kulia anaongeza punje hadi unasimama mlima mdogo. Hapo anautazama mlima, anakutazama wewe, anamimina. Haraka sana, kabla mlima haujafikiri kuporomoka upande wako. Mama mdogo alinifundisha nisitazame mlima, nitazame kitako: wapo wanaokigonga kwa nyundo kutoka chini mpaka kiingie ndani, na hapo guigoz yako imekwisha kupungua kabla ya mazungumzo kuanza. Vitabu vya lugha vikisema kwamba maana ya neno hupungua au hupanuka kadiri linavyotumika, mimi huona kitako kile.

Baada ya kumimina ndipo inapokuja kesi yenyewe.

"Mama, na matabishi?"

"Matabishi gani tena? Ulipunguza bei!"

"Tia kidogo tu, mama. Kesho nitarudi kwako."

Anachota konzi, analalamika, anatia. Matabishi ni ile konzi. Bila hiyo biashara haijafungwa vizuri, na mteja anaondoka na moyo mzito hata kama bei ilikuwa nzuri. Watu wa Dar wangesema nyongeza, na nyongeza ni neno safi, ila halina ladha ya kubembeleza. Chimbuko lake ni Kireno: mata-bicho, ua mdudu. Mdudu huyo ni yule wa tumboni anayemwuma mtu asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, na Wareno walimwua kwa funda la pombe kali. Angola na Msumbiji neno likatulia likawa chakula cha asubuhi. Mtu anakuuliza kama umeshapata matabicho naye ana maana ya chai na mkate. Kwetu lilipanda Mto Kongo likibadilika kila kituo. Kile kidogo anachopewa mbeba mzigo ili akanywe kikawa bahashishi, bahashishi ikawa konzi ya maharagwe, na kwenye vizuizi vya barabarani ikawa kile ambacho dereva anakikunja ndani ya karatasi zake kabla hajazitoa. Sijui neno jingine lililoanza na kifungua kinywa likaishia huko.

Na ukitaka kulipa, toa makuta. Likuta, wingi makuta, ilikuwa sehemu ya mia ya zaire, fedha aliyoianzisha Mobutu mwaka 1967. Zaire ikaporomoka, ikafutwa, faranga ya Kongo ikaanza kazi mwaka 1998, na makuta bado yako mdomoni mwa kila mtu: "Sina makuta." Faranga nayo ina kituko chake. Ilianza Ufaransa mwaka 1360, ili kumlipia fidia mfalme wao Yohane wa Pili aliyekuwa ametekwa na Waingereza. Mwaka 2002 Wafaransa na Wabelgiji waliiweka kando wakachukua yuro. Jina la Wafaranka, watu wa kale walioipa Ufaransa jina lake, limebaki linazunguka sokoni Kadutu, kwenye noti zilizochakaa ambazo muuzaji huzigeuza mara mbili kabla ya kuzipokea.

Pembeni ya maharagwe kuna birayi, viazi vya kutoka milimani. Kinyarwanda ni ikirayi, na Ulaya kwao ni Burayi, kwa hiyo ukisikiliza vizuri unasikia kitu cha Ulaya, sawasawa na viazi ulaya vya Watanzania. Uongo mtupu: viazi hivyo vimetoka kwenye milima ileile ya Andes iliyotupa kinini. Mahindi nayo tumeyapa jina la Wahindi, na Wakanada wa Quebec wakayaita blé d'Inde, ngano ya Uhindini, ilhali yametoka Meksiko. Kila taifa limekipa chakula jina la yule aliyekileta mlangoni. Aliyekipanda wa kwanza hakuulizwa.

Na Ulaya yenyewe? Ni wilaya. Wilayat ya Kiarabu, nchi chini ya mtawala, ilifika Uhindini ikawa jina la nchi za ng'ambo wanakotoka mabwana, ikatua pwani yetu kama Ulaya. Ilifika pia moja kwa moja na maana yake ya ofisini, ndiyo wilaya ya Tanzania yenye mkuu wa wilaya. Askari Waingereza waliokuwa Uhindini nao walilidaka, wakalitamka Blighty, wakaanza kuiita hivyo nchi yao wenyewe. Wakati huohuo, upande wa Atlantiki, Wakongo walikuwa wamewaona Wareno kwanza, wakaiita Ureno Mputu, na katika Kilingala Poto ikawa Ulaya nzima. Kijana wa Bukavu anayetafuta visa anaweza kusema Bulaya kwa mama yake na Poto kwa wenzake katika pumzi moja. Sehemu chache duniani maneno ya bahari mbili yamekaa jirani hivyo, na bahari zote mbili ziko mbali nasi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku nilipoanza kugombana na mhariri wa Dar es Salaam.

Alikuwa mtu mzuri, mwenye subira, na Kiswahili chake kilinyooka kama reli. Vikaratasi tulivyoandaa Bukavu vilipelekwa kwake visahihishwe kabla ya kuchapwa. Vikarudi vimejaa wekundu. Kinini ilikatwa ikawekwa tembe. Kila siku ikawa kutwa. Lakini penye "mupeleke mtoto kwa munganga" ndipo alipoandika maelezo marefu pembeni, kwamba mradi wa afya hauwezi kuwashauri akina mama wapeleke watoto wenye homa kwa waganga.

Nikampigia simu. Nikamweleza kwamba kwetu munganga ni daktari, ni muuguzi, ni yule mwenye koti jeupe na kipimo masikioni. Wa mizizi na ramli tunamwita mufumu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini dada yangu, hicho siyo Kiswahili sanifu."

Ni kweli, siyo. Ila sanifu nayo ina siku ya kuzaliwa. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, lahaja ya Unguja ilichaguliwa iwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, nchi za Waingereza. Sisi tulikuwa chini ya Wabelgiji na hatukualikwa. Kiswahili chetu kiliendelea na safari yake bila barua ya mwaliko, na katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Nilimkumbusha pia kwamba huko kwao kuna Mganga Mkuu wa Serikali, na sijasikia kwamba anapiga ramli. Hapo alicheka sana.

Tukaafikiana namna hii: kitabu cha wakufunzi kiandikwe kwa sanifu, kwa sababu wakufunzi wanasoma na wanahama kutoka nchi hadi nchi. Karatasi ya kumpa mama aliyebeba mtoto mgongoni iandikwe kwa maneno ya mama huyo. Bado nadhani ndio mgawanyo unaofaa. Wapo wenzangu wa Bukavu wanaotaka kila kitu kiandikwe kama tunavyosema nyumbani, na hao nao siwafuati: mtu wa Uvira, wa Goma na wa Kalemie hawasemi sawa, na karatasi moja lazima iwafikie wote. Tembe ilitoka. Kutwa ilitoka. Munganga alibaki, na pembeni yake tukachora mwanamke mwenye koti jeupe, asije akakosewa na yeyote.

Sentensi ya mwisho ya kila karatasi hatukuigusa, kwa sababu ilionekana haina ubaya: "Sambaza ujumbe huu kwa majirani." Tulipoijaribu kwa akina mama wanaouza samaki kandokando ya Ziwa Kivu, msomaji alipofika hapo kicheko kikazuka. Sambaza ni samaki. Ni wale wadogo wa fedha walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaovuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Zambia na Zimbabwe samaki huyohuyo anaitwa kapenta. Wanawake wale wanalijua pia neno kusambaza, wanalisikia redioni, lakini huwezi kuwaambia "sambaza kwa majirani" wakiwa na mabeseni yamejaa mapajani. "Tugawe bure?" mmoja akauliza. "Basi mradi utulipe kwanza!" Tukaandika: "Ambieni na majirani."

Mhariri alikuja Bukavu baadaye kwa shughuli nyingine, nikampeleka kula. Sambaza waliokaangwa, wakavu, na pilipili. Alikula kwa raha, na kwa kuwa ni mhariri hata akiwa na chakula kinywani, aliniuliza neno hilo liko ngeli gani na wingi wake ni upi. Nikamgeukia mama mwenye duka nikampa swali. Akatufikiria wote wawili, akasema hapa sambaza hahesabiwi, anapimwa kwa sahani. Tunataka ngapi?